Jina la Kanga Mpya

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso, maana leo mtanisaidia kuamua.

Katika kiwanda kimoja cha kanga, Bi Mwanate alisimamia chumba cha kuviringisha vitambaa. Alikuwa na watu watatu aliowapenda kama ndugu. Mzee Nyange aligonga jora la kitambaa kilichoviringishwa kwa kijiti akajua, kwa mlio tu, palipokaza na palipolegea. Sikudhani alichomeka utepe wa chuma katikati ya mizunguko ya kitambaa, akauvuta kwa mizani ya kuning'iniza, na mizani ikamwambia kitambaa kimebana kiasi gani. Makame, ambaye kelele za mashine zilimmaliza masikio, alikuwa na mkono mwepesi kuliko yeyote kwenye breki, ile inayokaza au kulegeza kitambaa kinapoviringishwa.

Msimu ule majora yaliharibika mfululizo. Kwa nje yalipendeza, lakini kitambaa kikifika meza ya kuchapia, kinajikunja na pindo linakwenda upogo. Mkubwa wa kiwanda akasema likiharibika moja tena, chumba kinafungwa. Bi Mwanate akakosa hata hamu ya kula.

Nyange akagonga, akasema ndani limelegea, nje limekaza mno. Kwa kiasi gani, hakujua. Sikudhani akachomeka utepe, akakipata kiasi, lakini kupima si kutengeneza. Likaanzwa jora jipya, Makame akashika breki. Kadiri jora lilivyonenepa ndivyo alivyoilegeza, kidogo kidogo, macho yakifuata vidole vya Sikudhani vilivyomwonyesha kipimo na kichwa cha Nyange kilichomwitikia mlio. Jora likatoka sawa, na chumba kikapona.

Sasa, pale kiwandani aliyeokoa kazi ndiye huchagua maneno ya kanga mpya. Bi Mwanate akawaita.

"Mie nataka 'Rudi nyumbani mwanangu,'" alisema Nyange. "Binti yangu hapokei simu, lakini kanga ataiona."

Sikudhani, akitazama chini, alitaka "Mama mkwe nimekosa, tuyamalize." Wanakaa nyumba moja na hawasemeshani tangu Ramadhani.

Makame akaandika kwa chaki ubavuni mwa mashine: "Mikono yako ndiyo masikio yangu." Ni ya mkewe, anayemfasiria dunia nzima kwa mikono, na Makame hajawahi kumshukuru.

Bi Mwanate akauliza kama yote matatu yangeenea. Fundi wa kuchapa akatikisa kichwa: kanga ina jina moja. Machozi yakamlenga mama wa watu, kwa kuwa angempa mmoja angewaumiza wawili, na kesho jora lingewataka wote watatu tena.

"Nisubiri kidogo," akamwambia fundi.

Fundi bado anasubiri, na rangi inakauka. Haya, nyie mliokaa kimya: mngekuwa Bi Mwanate, mngemwambia aandike maneno ya nani?