Neno la Mwisho la Bibi Atika

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Wasiti aliishi mfumaji mmoja, jina lake Zuraiki, mcha Mungu ambaye ulimi wake haukupoa kwa dhikri. Alikuwa na uradi wake, dhikri maalumu ya kila siku baada ya alasiri, na akishauanza hakuukata kwa mgeni wala kwa mteja. Watu wakamsifu kwa hilo, naye, Mola amrehemu, sifa zile zilimkolea.

Mama yake, Bibi Atika, alikuwa mgonjwa wa kitandani, na Zuraiki ndiye aliyemwuguza. Dada yake, Lubaba, hakuwapo. Aliolewa na mtu ambaye mama hakumridhia, akahamia mbali, na tangu hapo mama na binti hawakupelekeana hata salamu.

Alasiri moja Zuraiki aliketi kando ya kitanda, tasbihi mkononi. Bibi Atika akafumbua macho, akamshika mkono.

"Mwanangu, huyu Lubaba..." akaanza.

Zuraiki akatikisa kichwa, midomo ikiendelea na uradi. Mama akasema kwa taabu, akapumzika, akasema tena, na mwana akawa anaitikia kwa kichwa tu. Kisha akauchomoa mkono wake taratibu apate kuzungusha tasbihi, akamnywesha maji akidhani ndiyo haja yake. Alipomaliza uradi akamgeukia, "Labeka, mama, ulisemaje?" Bibi Atika alikuwa amekwisha kukata roho.

Lubaba alifika mazishi yamepita. Hakuuliza habari za urithi. Alisimama mlangoni na vumbi la safari, akasema:

"Kaka, mama alinitaja?"

"Alikutaja."

"Alinipa radhi?"

 Jirani mmoja aliyekuja kutoa pole akamnong'oneza Zuraiki, "Mwambie kakusamehe, yaishe. Neno la kheri hilo, utapungukiwa nini?"

Na kweli lilikuwa neno jepesi. Lingemtuliza dada, na lingemsitiri yeye aibu yake. Lakini alimwogopa Mwenyezi Mungu kumtilia marehemu kinywani neno ambalo hakulisikia.

"Sijui, dada yangu," akasema. "Mama alizungumza, nami nilikuwa katika uradi. Nililisikia jina lako. Yaliyofuata sikuyasikia."

"Si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Alinishika mkono."

Lubaba akasema, "Bora ungekuwa sokoni, kaka. Ningejua kwamba mama hakupata wa kumwambia." Akaketi pale pale kizingitini, akalia.

Tangu siku ile hakuacha uradi wake, lakini mtu akimsemesha aliweka chini kila alichoshika, akamgeukia kwa uso na kifua mpaka amalize. Vijana waliomwendea kujifunza wakaisifu adabu hiyo. Akawakemea: "Msinisifu. Haya nimejifunza mimi, gharama analipa dada yangu."

Miaka ikapita, Lubaba naye akaugua. Zuraiki akafunga safari, akaketi kando yake mikono mitupu, bila tasbihi, akamsikiliza hata alipokohoa.

"Kaka," akasema Lubaba, "hujakumbuka?"

Zuraiki akalia. "Sijakumbuka."

"Leo umekuja kweli," akasema Lubaba, kisha akaugeuza uso wake ukutani. Akafa bila kujua.

Ndugu zangu, tusikimbilie kumlaumu Zuraiki. Yeye walau alishughulishwa na kumtaja Mola wake. Sisi tunashughulishwa na upuuzi, na huku tunatikisa vichwa vile vile mbele ya wazazi wetu. Dhikri ilikuwa haki, na uradi ungesubiri. Mama hakuweza kusubiri. Ee Mola, zihudhurishe nyoyo zetu pale tulipoketi, kabla hatujaulizwa walisema nini, nasi hatuna jibu.