Kwa Nini Pipa Halipimwi

Nyinyi mnaocheka huko nyuma, hebu nyamazeni. Mmeuliza kwa nini huku kwetu pipa la pombe halipimwi. Basi sikilizeni, ila hii si habari ya kuchekea.

Zamani pombe ya moshi ilinywewa siku ileile ilipotoka jikoni. Hakuna aliyeiweka. Ilikuwa nyeupe kama maji, na mzee mzima akiinywa alitokwa machozi mbele ya wakwe zake. Mpishi wake mkuu pale kilimani Rukindo alikuwa Kokwijuka, na aibu ya pombe hiyo ilimwangukia yeye. Kaka yake Byabato, mchonga mizinga ya nyuki, alipopeleka posa, mzee Bitegeko alionja, akatema chini.

"Hii ni ya kuoshea vidonda," alisema. "Nileteeni kinywaji, ndipo tuzungumze habari za binti."

Kokwijuka alilia kwa hasira. Byabato hakulia. Alichonga pipa la mti mgumu, akalichoma ndani kwa moto kama alivyofanya mizinga yake, mpaka ukuta wa ndani ukawa mkaa.

"Asali hutulia humu, mdogo wangu," alisema. "Pombe nayo itatulia."

Watu waliwacheka. Pombe iwekwe kama mahindi ya mbegu! Wao wakalijaza pipa ghalani kwa Kokwijuka, wakaziba mdomo wake kwa nta, wakakubaliana kungoja masika matatu. Posa yote ya Byabato ilikuwa mle ndani.

Sasa, Kokwijuka alikuwa mtu wa kutaka uhakika. Kabla ya kuziba alizamisha unyasi, akaufunga fundo pale pombe ilipofika. Masika ya kwanza alifungua, akapima, akakuta imeshuka vidole viwili. Akaguna, akaziba tena. Masika ya pili ilikuwa imeshuka kiganja kizima. Nani mwingine aliyeingia ghalani? Ni Byabato tu, aliyekuja kulipapasa pipa lake na kuondoka akipiga mluzi. Na tusidanganyane, Byabato alipenda kikombe. Shaka ikishaingia moyoni, hata mluzi wa ndugu huwa ushahidi.

Akamwita mbele ya wazee wa ukoo.

"Kaka, umekunywa posa yako mwenyewe!"

"Mimi?" Byabato aliuliza. "Kokwijuka, mimi nikuibie wewe?"

"Kwani pombe ina miguu?"

Kwa desturi ya siku hizo, aliyeiba kinywaji cha posa hakuketi tena na ukoo. Wazee wakamnyima kigoda. Byabato akachukua tezo lake la kuchongea, akavuka mto.

Yakaja masika ya tatu. Tangu kaka yake aondoke, hakuna aliyeingia ghalani isipokuwa Kokwijuka mwenyewe, maana ufunguo aliufunga kwenye pindo la nguo yake. Akatazama nta: nzima. Akazamisha unyasi. Pombe ilikuwa imeshuka kiganja kingine. Akapapasa ubavu wa pipa, akanusa vidole vyake, vikanukia pombe. Mti ulikuwa ukiinywa kidogo kidogo, na hewa ikichukua sehemu yake.

"Mama yangu wee!" alipiga kelele. "Nimefanya nini?"

Alivuka mto asubuhi hiyohiyo, mbio, bila hata kujitanda. Akaonyeshwa kaburi. Homa ilikuwa imemuua Byabato kabla ya mavuno, akazikwa na watu waliomwita "mgeni" tu.

Pombe iliyobaki pipani ilinywewa kwenye matanga. Ilikuwa na rangi ya asali, na ilipita kooni taratibu. Mzee Bitegeko naye alikuja, akanywa, akafumba macho.

"Kwa kinywaji hiki," alisema, "ningempa hata mabinti wawili."

Kokwijuka akampokonya kikombe. "Toka kwangu," alimwambia, na mzee akatoka.

Na tangu siku hiyo wapishi wote wa huku kwetu huiweka pombe kwenye pipa lililochomwa ndani, na sote tunaisifu. Lakini hawaipimi. Pipa likifunguliwa likakutwa limepungua, hakuna anayeuliza nani kanywa. Mpishi humwaga kikombe cha kwanza mlangoni, akasema, "Hukuiba, kaka." Kokwijuka aliyasema maneno hayo kwa miaka arobaini. Hakujibiwa hata mara moja.