Punda wa Marehemu Faki

Hapo zamani, katika mji ambao sultani wake alipenda kudai kuliko kula, palikuwa na fukara mmoja mcheshi, jina lake Faki. Binti yake alikuwa karibu kuolewa, na nyumbani hamna hata punje ya mchele wa karamu. Basi akaenda kukopa. Kila duka alikobisha hodi aliambiwa, "Wewe umo katika daftari la sultani. Hukopesheki!" Habari zikawafikia wakwe, nao wakatuma neno: sisi hatuoi kwa mdaiwa sugu. Binti akalia mpaka macho yakamvimba.

Faki akaenda barazani. "Bwana wangu, nimeandikwa nini humo? Naomba nisomewe, nijue kosa langu."

"Ewe Faki!" akafoka sultani. "Hapana kiumbe hai asomewaye daftari langu. Husomewa maiti tu, siku ya kuzikwa, wenye kudai wanapoulizwa."

"Vyema, bwana wangu," akajibu Faki, akarudi zake nyumbani kufa.

Basi mkewe, Bi Mize, akaangua kilio, majirani wakajaa uani. Wakataka kumwosha maiti, akaapa kwamba amekwisha kumwosha mwenyewe. Ikawa jeneza limetoka, na sultani, asiyekosa mazishi ya mtu anayemdai, akaja juu ya punda wake mweupe. Imamu akauliza kama ilivyo ada, "Nani anamdai marehemu?"

"Mimi!" akadakia sultani.

Waziri akafungua daftari, akasoma, "Faki aliazima punda mweupe, sikio la kushoto limekatwa ncha. Hakurudisha."

Mara shuka ikafunuka, marehemu akaketi. Lo! Watu wakatimua mbio, imamu mbele yao.

"Bwana wangu," akanena maiti, "hebu tazama ulichokalia."

Sultani akainama, akalishika sikio la kushoto. Ncha haipo.

"Nilimfunga mwenyewe zizini mwako, na waziri akanipokea," akasema Faki. "Kuazima aliandika mbiombio. Kurudisha kukamshinda!"

Sultani akaona haya, jamani, kisha akacheka hata kilemba kikaanguka. Papo hapo jina la Faki likafutwa, mchele ukatoka katika ghala la sultani, binti akaolewa, na katika karamu hapana aliyemshinda marehemu kwa kula pilau.

Tangu hapo ikaamriwa kila aliye hai asomewe habari zake akitaka. Kesho yake baraza ikafurika watu, waziri akasoma mpaka sauti ikamkauka, na ikaonekana nusu ya mji inadaiwa punda yule yule.