Nyani Aliyeuonea Wivu Ufito wa Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na ziwa!

Na kando ya ziwa?

Jiwe!

Na juu ya jiwe?

Mwenye ndoana!

Na nyuma ya jiwe?

Mwenye kijicho!

Haya, huyo mwenye kijicho ndiye ninayemtaka leo. Sogeeni. Na wewe unayetafuna mahindi, ama umalize ama utugawie, maana sisi pia tuna macho.

Basi, hapo kale palikuwa na Nyani, mpana wa kifua, mwenye nguvu za kung'oa mti na mizizi yake. Kila siku alikaa juu ya Jiwe, akavua kwa ufito wake na mshipi wake, akapata samaki wawili watatu, akala, akalala. Alikuwa na raha zake kabisa, mpaka siku alipopata jirani.

Jirani huyo alikuwa Nguchiro. Mtu mwenyewe mdogo, ukimtia kwenye kikapu cha ndizi hajazi hata nusu. Ana mke, ana watoto sita, na ana ufito mwembamba, na juu ya ufito amefunga kigurudumu cha mti cha kukunjia mshipi. Siku ya kwanza akapanda juu ya Jiwe, akamwamkia Nyani kwa heshima, akarusha. Mshipi ukaenda, fyuuu! Ndoana ikaingia majini, tupwi! Kigurudumu kikazunguka, kri-kri-kri. Akatoa sangara. Akarusha tena. Fyuuu! Tupwi! Kri-kri-kri. Sangara mwingine.

Nyani akaona. Moyo wake ukamwuliza, "Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?"

Siku ya pili, fyuuu, tupwi, kri-kri-kri, sangara watatu. Nyani akaona. "Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?"

Kila jioni Nguchiro alipita mlangoni kwa Nyani na samaki begani, mkia wa samaki unaburuzika mchangani, chwaa, chwaa, chwaa.

"Hamjambo, Mjomba?"

"Hatujambo," Nyani akijibu, na wala hakuwa hajambo.

Na balaa kubwa zaidi ni kwamba Nguchiro hakuwa mchoyo. Alimpa mke wa Nyani kipande, tena cha tumboni, penye mafuta. Mke wa Nyani akapika, akala, akalamba vidole.

"Mume wangu, yule jirani ni mdogo, lakini mkono wake! Mkewe ananiambia akirudi ziwani hupangusa vyombo vyake vya kuvulia kabla hajanawa."

"Hata mimi napangusa."

"Lini?"

Nyani akainuka bila kumaliza chakula. Samaki wa mtu unayemwonea wivu hashuki, hukwama kooni. Nawajua watu wa namna hii. Mmoja anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Simtaji.

Kesho yake Nyani akamkamata Nguchiro shingoni, akamning'iniza.

"Wewe kidole! Jiwe hili halitutoshi sisi wawili. Jumamosi tushindane mbele ya wanyama wote. Atakayemtoa yule Sangara Mkuu anayekaa kilindini, Jiwe ni lake. Mwingine ahame na asirudi."

"Mjomba, Jiwe hili ndilo sahani ya wanangu. Nitawapeleka wapi?"

"Hilo si langu. Tena kabla ya Jumamosi unieleze siri yako yote ya kuvua. Ukikataa, nakukalia."

Nguchiro akatazama huku, akatazama kule. Akajikuna sikio. Akakohoa, koho, koho. Halafu akasema kwa sauti ya mtu anayeficha jambo, "Sawa, Mjomba. Mkubwa ni mkubwa. Chagua ufito mwembamba, wenye kupinda. Samaki akivuta, ufito ndio uchoke, si wewe."

"Mwembamba? Kumvutia Sangara Mkuu?"

"Mwembamba. Halafu mshipi ukishavulia, uoshe, uukaushe kivulini. Jua huula mshipi, na wewe usiuone unaliwa."

"Enhe."

"Kigurudumu kipake mafuta, na usikikaze sana. Samaki akikimbia, mwachie mshipi. Akichoka, mrudishe. Na hili la mwisho, Mjomba, usilisahau. Ncha ya mshipi usiifunge mwilini mwako."

Nyani akamwachia, pu! Akaondoka huku anawaza. Mbona alikohoa? Mbona alijikuna? Nani duniani atampa mwenzake siri ya kumshinda? Mimi ningempa? Thubutu!

Basi akanyata, nyatu, nyatu, nyatu, akajificha kwenye matete nyuma ya nyumba ya Nguchiro, akatega sikio. Kichwa kimeinama, mgongo umeinama, kila kitu kimejificha, isipokuwa mkia. Mkia umesimama juu ya matete, unatingishika.

Ndani, mke wa Nguchiro akauliza, "Mume wangu, umemwambia nini yule?"

Nguchiro akachungulia dirishani. Akacheka kwa sauti kubwa, ki-ki-ki-ki! "Nimemdanganya! Nimemdanganya kila neno, toka la kwanza mpaka la mwisho! Afanye kama nilivyomwambia, aone!"

Nyani kule kwenye matete nusura apige makofi. "Nilijua! Muongo mkubwa! Basi nitafanya kinyume chake."

Akarudi mbio. Aliambiwa ufito mwembamba, akachonga mti mnene kama mchi. Aliambiwa kivulini, akauanika mshipi juani siku nne, hata ukakakamaa. Akachonga kigurudumu kama cha Nguchiro. Aliambiwa mafuta, akakitia mchanga. Aliambiwa asikaze, akakaza mpaka kikalia kwii! Kila akimaliza jambo alikuwa akicheka peke yake. Mkewe akamwambia, "Baba, mbona mshipi unatoa unga?" Akajibu, "Wewe umelishwa samaki na yule, nyamaza."

Jumamosi ikafika. Wanyama wakajaa ufukweni, kiboko kakaa mbele kama kawaida yake, walio nyuma yake hawaoni kitu. Watoto sita wa Nguchiro wamepanga mstari, mama yao amekwishafunga mizigo, maana hajui kama jioni watalala pale au watalala njiani.

"Mkubwa atangulie," akasema Nguchiro.

Nyani akaushika mchi wake. Akachukua ncha ya mshipi, akamwangalia Nguchiro kwa pembe ya jicho, akaizungusha kiunoni mwake mara tatu, akaifunga fundo.

"Mjomba! Nilikwambia usijifunge!"

"Ndiyo, uliniambia," Nyani akasema, na akatabasamu.

Akarusha. Vuuum! Tupwii! Sangara Mkuu, ambaye alikuwa na njaa yake ya asubuhi, akameza chambo na ndoana, akageuka kwenda zake nyumbani.

Mchi haukupinda, ukaponyoka mikononi na kukwama kwenye ufa wa Jiwe. Kigurudumu hakikuzunguka, kikapasuka, pa! Mshipi ukatoka wote, ukafika kiunoni. Nyani akaketi kitako ili ajizuie. Kosa! Sangara akavuta, na Nyani akaburuzwa juu ya Jiwe kwa makalio, krwaaa! Manyoya yakabaki. Sangara akavuta tena, krwaaa! Ngozi ikabaki.

"Fungua!" mkewe akapiga kelele.

"Fundo halifunguki!" Nyani akalia. "Yooo! Yooo!"

Alipofika ukingoni, miguu imekwishagusa maji, ule mshipi ulioliwa na jua siku nne ukakatika. Tap! Nyani akabaki ukingoni anahema.

Nguchiro akasogea taratibu. Fyuuu! Tupwi! Sangara Mkuu, kwa hasira na uchovu, akauma tena. Ufito ukapinda mpaka ukanywa maji. Sangara akakimbia, Nguchiro akamwachia, krrrrr. Sangara akachoka, Nguchiro akamrudisha, kri-kri-kri. Akamwachia, akamrudisha, akamwachia, akamrudisha, mpaka akamlaza juu ya Jiwe. Mdomoni ana ndoana mbili.

"Ile moja ni yangu!" Nyani akaruka. "Samaki ni wangu! Mimi ndiye niliyemchosha! Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?"

Watoto sita walikuwa wanafungua mizigo.

Mke wa Nguchiro akamnong'oneza mumewe, "Lakini kumbe ulimwambia kweli, nimekusikia ukimkumbusha asijifunge."

"Kweli tupu. Uongo nilisema mmoja tu, kwamba nimemdanganya. Nami niliusema kwa sababu niliuona mkia."

"Basi mwambie, roho yake itulie."

"Nikimwambia, ataamini?"

Hata hivyo Nguchiro si mbaya, akamhurumia. Akamwendea, akasema, "Mjomba, pole. Kajiloweke kwenye maji ya baridi, yatakupoza. Ila usikae kwenye mchanga saa hizi, umepata moto."

Nyani akamtazama. Mbona ameinamisha macho? Mbona anajikuna?

"Aa!" akasema. "Umenidanganya mara moja. Mara mbili huwezi."

Akaenda mpaka kwenye mchanga uliochomwa na jua la mchana, akajikusanya, akakaa kwa uzito wake wote.

Sssssss!

Mpaka leo nyani akikupa mgongo, utaona makalio hayana manyoya, tena mekundu.

Fundisho lake? Kusema kweli ni hatari, wanangu. Uongo wa Nguchiro ulikuwa mmoja, haukumgusa mtu. Kweli ndiyo iliyomchuna Nyani ngozi. Basi muogopeni msema kweli. Tena msitunze mishipi yenu, maana ule wa Nyani ungetunzwa, angekuwa chakula cha sangara. Na wivu ni mbaya, mimi sina hata chembe. Ila yule Mwanashehe wa nyumba ya tatu, masufuria mapya matatu, na yote yana vifuniko, kayapata wapi? Kwa nini yeye?

Hadithi yangu nimeikunja kivulini. Aliyeipenda, airushe mbali. Aliyeionea wivu, ajifunge nayo kiunoni.