Kofia ya Shaame

Kaeni vizuri, na aliye mwepesi wa kuhukumu avumilie kidogo mpaka nimalize.

Bi Mize Khatibu wa Pemba alizaa watoto wanne. Makame, mkubwa wao, alikuwa karani, na kipawa chake kilikuwa subira: akianza jambo haliachi hata likimzeesha. Riziki alikuwa dobi katika meli ya watalii huko Ulaya. Yeye hakuona haya kuomba. Akikataliwa leo, kesho yupo tena mlangoni. Faki, kitinda mimba, alikuwa mchukuzi wa magunia ya karafuu, na mgongo wake ulisifiwa bandari nzima. Wa nne alikuwa Shaame, baharia wa meli ya mizigo, na huyo ndiye aliyekufa.

Homa ilimshika safarini, akakata roho kabla hawajafika bandari. Barua iliyokuja nyumbani ilikuwa na mistari mitatu: amefariki, amezikwa katika kisiwa kimoja cha Ugiriki, poleni. Jina la kisiwa halikuandikwa, na Makame alipoanza kuulizia, kampuni yenye meli ilikuwa imeshafungwa. Bi Mize hakupiga kelele. Alikuwa na swali moja tu, na kila aliyemtembelea aliulizwa hilo hilo: "Wamemlaza wapi mwanangu?"

Makame akanunua kitabu, akajifunza herufi za Kigiriki peke yake. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliandika barua moja, kwa padri au mwenyekiti wa kijiji cha kisiwa kimoja, kisha kingine. Visiwa vya Ugiriki ni vingi kuliko alivyodhani. Wenzake kazini walimwambia anaandikia samaki. Mwaka wa sita likaja jibu, na picha ndani yake: kijiji cheupe juu ya jabali, na pembeni mwa makaburi kaburi moja lililoelekea upande wake peke yake. Mwandishi alisema, hapa amelala baharia mweusi, jina lake hatulijui. Mwezi na mwaka wa maziko aliotaja ulikuwa ule ule wa kifo cha Shaame.

Riziki alipotumiwa jina la kisiwa kwa simu, aliketi juu ya furushi la mashuka. Meli yake ilitia nanga pale kila kiangazi, kwa saa sita. Alikuwa amepita chini ya kaburi la nduguye miaka minne, akifua.

Akaenda kwa mkuu wa wafanyakazi kuomba nafasi wanazopewa ndugu wa wafanyakazi kusafiri melini. Akakataliwa. Akarudi mara ya pili na ya tatu, akakataliwa. Mara ya nne mkuu akasema, "Nafasi mbili, lakini utie saini miaka mingine miwili." Riziki alikuwa na binti wa miaka mitatu, Raya, aliyemwacha kwa mke wa Makame. Alimwaza huku kalamu ikiwa mkononi. Akatia saini.

Nafasi mbili, na wa kwenda watatu. Makame ndiye aliyekata shauri. "Mama ana nyonga mbovu. Huko anahitaji mgongo, hahitaji kalamu. Aende Faki." Alipokwisha kusema akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo.

Mama na Faki wakasafiri mpaka Ulaya, wakapanda meli ya Riziki, na siku yenyewe ikafika. Riziki alikuwa ameomba ruhusa ya kushuka, lakini asubuhi ile msimamizi wake akasema mashuka ni mengi, hashuki mtu. Akamsindikiza mama yake mpaka kwenye mlango wa boti ndogo zinazopeleka watalii nchi kavu.

"Kumbe huji?" mama akauliza.

"Nina kazi, mama. Nisalimie."

"Nimwambie nini?"

Riziki akatazama maji. "Mwambie nilikuwa napita hapa kila mwaka. Mwambie sikujua."

Kutoka gatini hadi kijijini kulikuwa na ngazi za mawe zaidi ya mia nne. Watalii walipanda punda, lakini nyonga ya Bi Mize haikumruhusu kukaa juu ya mnyama. Faki akachutama, akamfunga mgongoni kwa kanga ya mama mwenyewe, kama abebwavyo mtoto mchanga. Watu waliwapiga picha. Hakuna aliyejua, wala mama yake hakujua, kwamba mwaka mmoja nyuma daktari alimkataza Faki kubeba hata ndoo ya maji, naye akaendelea na magunia kwa siri.

Saa nne Riziki alipewa dakika kumi za kupumzika. Akapanda juu mbio. Kijiji kilikuwa kama chumvi iliyomwagika juu ya jabali, na ngazini akaona doa dogo jeusi likipanda polepole. Hakuweza kujua kama ni wao. Alilitazama mpaka akaitwa.

Yaliyotokea huko juu alisimuliwa na Faki. Makaburini walimkuta bibi mmoja, Evanthia, anafagia. Mumewe, marehemu sasa, alikuwa baharia aliyezoea bandari za Waislamu. Ndiye aliyemchimbia Shaame kaburi na kumwelekeza kibla, ilhali wengine walitaka alazwe kama wao. Tangu mume afe, bibi yule aliendelea kufagia na kumwagia maji mtu asiyemjua jina. Hawakuwa na lugha moja. Bi Mize alijigusa tumbo, akaonyesha kaburi, na Evanthia akaelewa. Akaenda nyumbani kwake akarudi na kofia iliyofuliwa na kukunjwa. Bi Mize aliitambua kwa mshono, maana aliishona mwenyewe.

Akaketi chini, akazungumza na mwanawe muda mrefu. Salamu za Riziki alizifikisha. Kisha honi ya meli ikalia.

"Niache hapa, Faki," akasema. "Nimeshafika."

"Mama, meli inaondoka."

"Iende."

Faki akamwinua. Mama yake akampiga mabegani kwa ngumi zisizo na nguvu mpaka katikati ya ngazi. Walipofika melini, Faki hakuweza kunyooka tena. Hajabeba gunia tangu siku hiyo.

Baada ya miezi mitano Bi Mize akawa mahututi, nyumbani, Pemba. Makame na Faki walikuwa kitandani pake, Riziki akisikiliza kwa simu. Mama akasema, "Kofia apewe aliyenifikisha kwa mwanangu."

Makame akauliza, "Nani, mama?"

Lakini mama alikuwa ameshageukia shahada, na baada ya hapo hakusema neno jingine.

Riziki aliporudi mkataba ulipokwisha, Raya alijificha nyuma ya mke wa Makame na kuuliza mgeni huyu ni nani. Usiku wa siku hiyo ndugu watatu waliketi, kofia iko kati yao.

Makame akasema, "Mimi sikuliona kaburi. Nina picha tu. Naitaka."

Riziki akasema, "Mimi niliona ngazi. Mtoto wangu hanijui. Nami naitaka."

Faki akasema, "Mimi nilimfikisha, na mimi nilimtoa. Kila nikilala nasikia ngumi zake. Kama si yangu, basi irudishwe kwa yule bibi. Angeacha kufagia, tungefika kwenye majani matupu."

Hakuna aliyemwona mwenzake mwongo. Kofia ni moja, na haikatwi. Mpaka leo iko sandukuni, na ndugu wale hawagombani, ila hawakai tena pamoja.

Sasa nyinyi mliosikia, wakubwa kwa wadogo: ni nani aliyemfikisha Bi Mize kwa mwanawe? Ungekuwa wewe ndiye mwenye ufunguo wa sanduku lile, kofia ungemkabidhi nani?