Viboko Warudi Kwao

Palikuwa na sultani, Badawi jina lake, aliyesimama barazani akauliza, "Nani hataki viboko?"

Nani ajibu, na askari wamejipanga na mikuki?

Viboko wa mto wa mji ule aliwamaliza babu yake mwenyewe, akawachuna ngozi za kutengenezea mijeledi. Sasa mjukuu kaenda kwa sultani mwenzake, kaona viboko wakipiga miayo majini, karudi na wivu, hali halali. Akaagiza viboko! Maoni ya watu? Waziri alikwisha kuyakusanya: kwa mpishi wa jumba, kinyozi wa jumba, na wake wanne wa Sultani. Wote wanawapenda viboko kufa.

Mashavu binti Kheri hakuulizwa. Yeye shamba lake la mpunga liko ukingoni mwa mto, na jingine hana. Kiboko akilipitia usiku mmoja, asubuhi hupati hata wa uji. Akakunja mkeka wake, akautia kwapani, akaenda barazani.

"Shikamoo, Sultani. Viboko wako wakila mpunga wangu, mie nile nini?"

"Hama."

"Nihame mie, abaki kiboko?"

"Kiboko alikuwa pale kabla yako. Yeye mwenyeji, wewe mgeni."

"Tumelima pale tangu enzi za mama yangu!"

"Hata kama! Aliyetangulia arudi kwake, aliyekuja nyuma apishe."

"Naam! Naam!" wakaitikia wazee wa baraza, ambao hakuna hata mmoja anayeishi karibu na mto.

"Hiyo sheria, Sultani, au hasira tu?"

"Sheria!"

"Ya mtoni peke yake?"

"Ya nchi nzima! Mbiu ipigwe sasa hivi!"

Mbiu ikapigwa. Mji mzima ukasikia. Mashavu akangoja mpaka ikanyamaza.

"Sultani, hapa ulipokaa, kabla babu yako hajajenga jumba, palikuwa na nini?"

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari. Mzee mmoja wa baraza, asiyejua kuzuia ulimi, akadakia:

"Shamba la bibi yake Mashavu huyu! Lo, muhogo wake ulikuwa mtamu!"

Mashavu akautoa mkeka kwapani.

"Sultani wangu, naomba usogee kidogo, nitandike."