Kiti Alichochongewa Mama

Leo sina maneno matamu. Mimi chuo sikusoma, nasema ninavyoona, na atakayekwazika atanikuta pale mlangoni tukitoka.

Kulikuwa na seremala mmoja huko milimani, mtu mzima mwenye mke na karakana yake, akiishi na mama yake mzazi. Mama yule alikuwa na miaka sabini na kitu, lakini miguu yake ilikuwa bado haijapata habari za uzee. Kila Alhamisi alifunga khanga kiunoni, akatia ndizi mbivu kwenye kikapu, akateremka bondeni, akavuka mto kwa daraja la magogo na kupanda upande wa pili kumwona dada yake. Dada huyo alikuwa mkubwa kuliko yeye, macho yalikuwa yamezima na nje hatoki. Alimtambua mdogo wake kwa kikohozi. Alikisikia kikiwa bado njiani, kabla ya hodi, akaanza kucheka peke yake.

Mwaka mmoja mguu wa mama ukavimba. Hospitali wakasema damu imeganda ndani ya mshipa. Wakamlaza, wakamtibu, na siku ya kumruhusu daktari akamwandikia vidonge vya kufanya damu iwe nyepesi. Seremala alikuwepo. Lakini daktari alipoanza kueleza, simu ikalia, mtu anaulizia mlango wake wa mninga. Akatoka nje. Aliporudi akamkuta daktari anamalizia: panga na shoka mama awaachie wengine, utelezi auogope, akijikata damu itachelewa kukata, na akigonga kichwa aletwe siku hiyo hiyo hata kama anajiona mzima.

Hayo ndiyo aliyoyasikia. Maneno ya mwanzo yalisemwa yeye akiwa nje, anauza mlango.

Alirudi nyumbani na hofu. Akamnyang'anya mama panga, sawa. Akamnyang'anya jembe. Akamnyang'anya ufagio. Akawaambia wajukuu bibi asiinuke kufuata hata kikombe. Kisha akaingia karakanani, akachagua mbao zile alizokuwa akiziwekea wateja wakubwa, akamchongea mama kiti cha mikono, egemeo refu, na sponji nene juu yake. Kiti kizuri kweli. Majirani walikuja kukitazama. Na mhubiri wa kanisa lao akamsimamisha seremala mbele ya watu, akasema, mtazameni huyu, hivi ndivyo mama anavyotunzwa. Mama mwenyewe hakumwuliza neno. Wahubiri tuna ugonjwa huo.

Alhamisi ya kwanza mama akafunga khanga yake kiunoni. Mwanawe akasimama mlangoni.

"Daktari alisema nitembee," mama akamwambia. "Kila siku, alisema. Damu ya mtu wa kukaa tu ndiyo inayolala mguuni."

"Mama, nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Ulisikia mkia, baba. Kichwa kilipita wewe ukiwa nje."

Seremala akacheka, akaona mama anatafuta tu ujanja wa kwenda kwa dada yake. Sasa niambieni ninyi: kumwuliza daktari ni kazi gani? Simu si anayo mkononi? Ya mlango aliipokea mbio, ya mama yake hakuipiga.

Mama akaketi. Kubishana alikuwa anaweza, tena sana. Lakini watu walishakisifu mno kile kiti, na kumwaibisha mwanawe hakutaka.

Alhamisi ya tatu dada akatuma salamu kwa mpita njia: mwambieni sijasikia kikohozi. Seremala akajibu kwamba mama atakuja akipata nguvu. Zikaja salamu nyingine, na nyingine, jibu likawa hilo hilo. Siku moja alikuwa uani anatengeneza mlango wa mteja, na mama akamwuliza kutoka kwenye kiti, "Wewe si fundi? Bawaba ya mlango usiofunguliwa inakuwaje?"

Seremala akainama, akaendelea kupiga randa.

Miezi minne ikapita mpaka tarehe ya kurudi kliniki. Daktari akamwambia mama asimame amtazame. Mama akainuka, magoti yakatetemeka, akaishika meza asianguke. Daktari akashangaa, akauliza kama kweli alikuwa anatembea kila siku kama walivyoagana.

"Nilipendwa, daktari," mama akasema. "Nimependwa mpaka miguu imekufa."

Daktari akarudia yote tangu mwanzo, na safari hii simu ilikuwa imezimwa. Atembee kila siku, avae viatu visivyoteleza, awe na fimbo na mtu wa pembeni. Kuanguka kunaogopwa, akasema, na kukaa kunaogopwa vile vile. Ila sasa itabidi aanze kidogo kidogo, kama mtoto.

Seremala akamrudisha mama nyumbani, akaingia karakanani. Usiku haujaingia alikuwa ameshamchongea mama fimbo, akaitia mpira chini. Wakaanza. Siku ya kwanza hatua kumi, hadi jikoni. Wiki iliyofuata hadi kwenye banda la mbuzi. Siku ya Jumatano wakafika kwenye ua wa mwisho wa shamba, mama akashika majani, akatazama bonde lote mpaka ng'ambo. Akasema bado kidogo.

Alhamisi asubuhi ikaja habari kwamba dada amefariki.

Bondeni gari halipiti. Wakafunga miti miwili kwenye kile kiti, wanaume wanne wakambeba mama mabegani, wakateremka, wakavuka mto, wakapanda. Seremala alikuwa bega la mbele. Walipomweka kando ya kaburi mama akakohoa, kama alivyokohoa kila Alhamisi akikaribia. Akasubiri. Kisha akawaambia wafukie.

Sasa sisi. Laiti mtu yule angekuwa mbaya, ningemfokea hapa nikamaliza. Alimpenda mama yake. Alimpenda kwa maneno nusu aliyoyasikia, na hofu ikajaza yaliyobaki. Ninyi wenye wagonjwa wa vidonge hivi nyumbani, mmesikia "asianguke." Mliwahi kuuliza kama anatakiwa kutembea, na atembee vipi? Au mmekwisha nunua kiti?

Na Neno la Mungu tunalisikia vivyo hivyo. Yuko binti aliteleza mwaka juzi, hapa hapa kwetu. Tulimpokea, tukalia naye, halafu tukamweka benchi la nyuma. Asiimbe, asifundishe watoto, asije akaanguka tena. Tunasema tunamlinda. Amekaa pale mwaka wa pili, na mimi ni mmoja wa waliomkalisha. Bwana wetu alipomkuta aliyelala miaka mingi hakumletea mto wa kulalia. Alimwambia asimame.

Usijiulize kama unampenda mtu wako, jibu lako nalijua. Nenda kamwulize yeye: tangu nianze kukupenda hivi, umefika wapi?

Haya, tusimame tuombe. Mzee Elinami pale mbele ameanza kuinuka. Wewe binti yake, usimkandamize bega. Kaa karibu, mkono uwe tayari. Lakini mwache ainuke.